Elisi ya Baba Mkwe, Kutoka Kolwezi Hadi Sandoa

Tangu nirudi mmeniuliza swali lile lile, kanisani, dukani, hata langoni mwa mgodi: ile ndege ya Sandoa iliruka au haikuruka? Nami nimemjibu kila mmoja kwa maneno mawili matatu, kisha nikabadilisha mazungumzo. Nikisimulia kwa mdomo huwa naruka sehemu fulani, na nimegundua kwamba sehemu ninazoziruka ndizo safari yenyewe. Kwa hiyo nimekaa chini kuandika. Someni, chekeni mkitaka, lakini mkishamaliza msinikumbushe.

Kolwezi, kwenye karakana ya Tata Kalenga

Wengi wenu mnamjua baba mkwe wangu, Tata Kalenga, seremala. Nusu ya vitanda vya mtaa wetu vimetoka mikononi mwake, na milango ya kanisa pia. Mnajua vilevile maneno yaliyokuwa yakisemwa chini chini mwaka mzima: kwamba mzee anatetemeka mikono, na kwamba kuna mteja alimrudishia dirisha. Msijifanye hamkuyasikia. Hata mimi niliyasema.

Basi kule Sandoa kuna mwalimu mstaafu wa shule ya ufundi, Tata Chinyama, aliyejenga ndege ya mtu mmoja ndani ya ghala lake la mahindi. Injini aliitoa kwenye Volkswagen ya zamani. Alichokosa ni elisi, ule ubao wa mbele unaozunguka na kuivuta ndege. Tata Kalenga alikubali kumchongea, na kazi ile ilimchukua miezi mitatu. Mimi ni fundi wa malori makubwa ya mgodi, kwa hiyo ilionekana ni mimi wa kuipeleka, kuifunga, na kuisikiliza injini ikiwaka.

Siku ya kuondoka mzee aliniita karakanani.

“Mukwe wangu, batu banasema mikono yangu inatetemeka. Bon. Hii elisi njo itasema. Ikizunguka muzuri, nitaendelea na kazi. Ikikataa, nitaweka patasi chini.”

Nilikuwa nimeangalia sakafu, kama inavyompasa mkwe. Akaendelea:

“Mu njia uilalishe. Usiisimamishe. Mubao inakunywaka mayi, na mayi inashukaka chini. Ikisimama, upande moya itakuwa muzito kuliko mwenzake. Umesikia?”

“Nimesikia, tata.”

Nilisikia kwa masikio tu. Moyoni nilikuwa nasema: mimi ninayetengeneza injini kubwa kuliko jiko lako, leo nafundishwa kubeba ubao.

Mama mkwe aliifunga kwa blanketi mbili, na juu yake shuka jeupe, jipya. Urefu wake ulitoka ardhini ukanifika kifuani. Aliikaza kamba mahali patatu, chini, katikati na juu. Kazi safi kabisa. Hakuna aliyewaza kwamba shuka lile lingenitia matatani.

Kolwezi hadi Mutshatsha: mfiwa

Lori lilijaa magunia ya unga na chumvi. Nilipanda mapema, nikailaza elisi katikati juu ya magunia, nikaweka mkono juu yake ili watu wasiikanyage. Mpaka hapo nilikuwa mkwe mwema.

Abiria walianza kupanda. Waliokuwa wanagombania nafasi wakifika karibu yangu walinyamaza. Mwanamume mmoja alivua kofia. Mama mmoja mnene, mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akirudi Kasaji, alikaa kando yangu na kulitazama lile shuka kwa muda mrefu. Jina lake, nilikuja kulijua, ni Mama Julienne.

“Pole, tata,” alisema.

“Asante, mama.” Nilidhani ananihurumia kwa jua.

“Alikuwa na myaka ngapi?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nililitazama furushi langu kwa macho yao: jeupe, refu kiasi cha mtoto wa miaka tisa hivi, na baba mtu ameweka mkono juu yake. Nilifungua kinywa niseme. Lakini wakati huo huo Mama Julienne alikuwa amelisogeza gunia lake la nguo niegemee, na mwanamume yule aliyevua kofia alikuwa amenipisha kwenye kivuli cha turubai. Nikafunga kinywa. Sikusema uongo. Nilishusha pumzi tu.

Kabla ya Mutshatsha lori lilizama matopeni, tukakaa pale mpaka alasiri. Wanaume walishuka kusukuma. Nilipotaka kushuka nao (na niliinuka kweli, ingawa si kwa haraka) walinizuia. “Ubakie na mutoto, tata.” Nikabakia. Wao walisukuma, matope yakiwafika magotini, na wamama wakawasha moto kando ya njia. Walipika bukari, yaani ugali, na mboga yake ilikuwa bowa, ule uyoga wa mvua, uliochanganywa na karanga. Sahani ya kwanza ililetwa kwangu. Nilikula nikaimaliza. Ilikuwa tamu sana, na hilo nalo linaniuma.

Baada ya kula Mama Julienne alinisimulia. Alikuwa na binti. Aliugua Kolwezi, akafia hospitali, na mama akampeleka nyumbani juu ya lori kama lile lile, akiwa amemwekea mkono juu vile vile ili watu wasimkanyage. Alilia. Wamama wengine wakaanza wimbo wa kanisa, polepole, kwa ajili ya mtoto wake na wangu. Nami nilimshika mkono.

Hapa ndipo huwa naruka.

Mutshatsha hadi Sandoa: ubao

Mutshatsha dereva alipanda juu amekasirika. Kuna mtu alikuwa amemwambia habari zangu.

“Unapandisha mufu mu kamyo yangu bila kuniambia? Shuka naye!”

Lori zima lilinitetea. Mama Julienne alisimama kati yetu, mikono kiunoni. “Huyu tata eko na kilio! We hauna roho? Umuguse tu, utaniona!”

Nilikuwa na njia mbili: kuachwa pale Mutshatsha, au kusema. Nikasema, kwa sauti ndogo sana.

“Haina mutu. Ni elisi.”

“Ni nini?”

“Ni mubao. Ya ndege.”

Dereva alivuta kamba moja, shuka likafunguka. Elisi ikatokea, rangi ya asali, imepigwa vanishi inang’aa. Sijawahi kuona ubao mzuri kama ule na sijawahi kutamani kiasi kile usiwepo. Kisha mmoja akacheka, na kicheko kikaenda lori zima. Mama Julienne hakucheka. Alishuka, akachukua ile sahani niliyokulia, akachuchumaa kando ya bomba, akaisugua kwa mchanga. Aliisugua muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji.

“Sasa itasimama pale nyuma,” dereva aliamuru, “bila nguo, kila mutu aone ni mubao. Sitaki mambo ku barieri ya polisi.”

Akaifunga wima kwenye nguzo ya nyuma, ncha moja ikiwa imekanyaga sakafu ya lori.

Ningeweza kumwambia kwamba inatakiwa kulala. Ningeweza kumwomba niiweke chini ya turubai kati ya magunia. Alikuwa mtu wa hasira, si mtu mbaya, labda angekubali. Lakini kuilaza tena kulitaka niongee juu yake, na mimi nilitaka watu wasahau kwamba ipo na kwamba mimi nipo. Nilikaa kwenye kona ya nyuma nikitazama njia tuliyotoka.

Basi ilisimama. Mvua ilinyesha siku hiyo na siku zilizofuata. Tulingoja daraja lililong’oka mbao, tukangoja resore, yaani springi, ya lori iliyovunjika, na dimbwi dogo jekundu likawa limejikusanya pale sakafuni, ncha ya elisi ikiwa ndani yake. Kila lori lilipotikisika ncha ile ilisuguliwa kwenye chuma. Niliona. Nilijiambia vanishi ya mzee ni nzuri. Nilikula muhogo wa kuchoma nilioununua njiani, nimewapa watu mgongo. Kasaji Mama Julienne alishuka na magunia yake bila kuniaga, na haki yake.

Kutoka Kasaji kwenda kaskazini nilipata gari dogo lililojaa mpaka watu walikuwa wananing’inia. Elisi ilisimama tena. Wakati huo hata sikujiuliza. Nikizihesabu, zilikuwa siku tano ikiwa imesimama kwa miguu yake, kama ningeweza kusema hivyo juu ya ubao.

Sandoa: injini isiyo na kosa

Tata Chinyama ni mwembamba, miwani yake imefungwa uzi kichwani, na anasalimia taratibu kama vile hana jambo jingine la kufanya siku ile. Aliniuliza habari za mzee, za mke wangu Odette, za mvua ya Kolwezi. Kisha akanifungulia ghala.

Nilitarajia mchezo wa watoto. Nilikuta ndege. Mabawa yamenyooka, kila waya umefungwa vizuri, na harufu ya mahindi na petroli pamoja. Tulifunga elisi, tukaisukuma nje, akapanda, nikaizungusha kwa mkono, injini ikawaka.

Ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Mkia ulicheza, kioo cha dirisha la ghala kililia, miwani ya mzee ilimshuka mpaka mdomoni. Alizima haraka.

“Ni moteri,” nikasema, kwa sauti ya mtu wa mgodini.

Siku mbili nilifungua injini ile. Bujia, yaani plagi, kabureta, mipira inayoshikilia injini, msukumo wa hewa kwenye kila silinda. Tata Chinyama alikaa kwenye kiti kidogo na daftari la shule, akiandika kila nilichokipima. Jueni hili: kila boliti niliyoifungua niliiomba iwe na kosa. Hakuna hata moja iliyonikubalia. Injini ilikuwa nzima kama imetoka kiwandani.

Siku ya tatu mwalimu alileta elisi yake ya kwanza, iliyowahi kuvunjika ncha. Alikuwa ameikata pande zote mbili zilingane. Isingeweza kuirusha ndege, lakini ingeweza kuzunguka. Tukaifunga, tukawasha. Injini iliunguruma bila kutikisika hata kidogo.

“Voilà,” alisema kwa upole. “Haina moteri.” Yaani si injini yenye kosa.

Akachukua elisi ya Tata Kalenga, akapitisha chuma chembamba, kilichonyooka, kwenye tundu lake la katikati, akakilaza chuma juu ya migongo ya viti viwili alivyovisawazisha kwa maji ndani ya chupa. Majirani walikuwa wamejaa, na walimu wenzake, na katekista. Aliiweka elisi mlalo akaiachia. Upande mmoja ukashuka. Akaigeuza, akaiachia tena. Upande ule ule ukashuka, kwa uzito, mpaka ukasimama wima ukielekea ardhini, kama ulivyosimama kwenye lori.

Nilijua. Sisemi nilihisi; nilijua. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, fundi kutoka Kolwezi, na nikasikia kinywa changu kinasema:

“Ni kazi ya muzee hii. Mikono yake inatetemeka. Kolwezi muzima banajua.”

Haikutosha. Kwetu, mkwe akiwa na neno baya hampelekei baba mkwe mwenyewe. Neno linapita kwa mke, au kwa mjomba wa mke, linafika likiwa limepozwa. Mimi nilitoa simu nikampigia moja kwa moja, na nikaweka sauti wazi mbele ya watu wote, ili waone kwamba sina cha kuficha.

“Tata, elisi yenu inatikisa ndege. Upande moya ni muzito.”

Nilisikia kuku wa karakanani kwake.

“Mu njia uliilalisha?”

“Ndiyo, tata. Siku zote.”

“Haikusimama?”

“Hapana.”

“Basi,” alisema. “Basi ni mikono. Aksanti kwa kuniambia kweli, mukwe wangu.”

Simu ikakatika. Niliomba randa nipunguze upande mzito, nimalize, niondoke. Tata Chinyama hakunipa.

“Tuache kwanza. Mubao haitakimbia.”

Aliilaza juu ya meza yake ya chakula. Familia yake ikawa inakula juu ya mkeka, siku baada ya siku, na mkewe hakulalamika hata mara moja. Mimi nilikula nao, nikiwa nimekaa karibu na ile meza. Kila asubuhi mwalimu aliiweka kwenye viti vyake viwili na kuandika daftarini. Siku ya nne ya kulala pale mezani upande ule ulishuka polepole. Siku ya tano aliipeleka ncha dirishani, akaikwaruza kwa ukucha. Vanishi ilikuwa imeliwa yote, na ndani ya nyuzi za mti kulikuwa na udongo mwekundu.

“Hii ilisimama mu matope,” alisema. Hakuuliza. “Siku ngapi?”

“Tano, tata.”

“Na baba mukwe wako anajua?”

Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, ili asinitazame, nadhani.

“Mupigie.”

Nilimpigia. Mtandao haukuwepo, mnara ulikuwa umeishiwa mafuta, watu walisema, na haukurudi mpaka naondoka Sandoa.

Siku ya tisa elisi ilibaki mahali ulipoiachia, popote. Tuliifunga. Tata Chinyama aliweka kikombe cha chai juu ya ndege, nyuma ya injini, akawasha. Chai ilitetemeka uso tu. Haikumwagika hata tone.

Na ndiyo, iliruka. Alikimbia nayo kwenye uwanja mrefu nyuma ya shule, ikapanda juu kuliko paa, ikageuka, ikashuka salama. Watu walipiga vigelegele, wakambeba mwalimu mabegani, kisha wakanibeba na mimi. Niliomba wanishushe, wakadhani ni unyenyekevu.

Sandoa hadi Kolwezi: kofia

Njia ya kurudi ilikuwa kavu na fupi, nayo sina mengi ya kuisimulia. Kasaji gari lilisimama sokoni. Nilimwona Mama Julienne nyuma ya meza yake ya samaki, akicheka na mteja. Nilishusha kofia machoni, nikazunguka upande wa pili wa gari mpaka tulipoondoka. Mwanaume wa umri wangu, najificha.

Kolwezi, kwenye karakana

Odette alitaka aende badala yangu, kama desturi. Nilikataa. Neno baya nilikuwa nimelipeleka mwenyewe, nikaona na hili nilipeleke mwenyewe. Nilichukua kuku jike, nikaenda.

Karakana ilikuwa imefagiwa. Ukutani misumari mitupu. Patasi na randa zote mzee alikuwa amempa seremala wa parokia siku ile ile ya simu yangu. Juu ya meza yake ya kazi mama mkwe alikuwa ameanika muhogo.

Nilipiga magoti nikamwambia yote, kuanzia shuka. Nilimwambia siku tano, dimbwi, simu. Nilimwambia na wimbo wa wamama, na ile sahani iliyosuguliwa kwa mchanga. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya macho yangu.

“Angalia. Inatetemeka?”

Nilitaka sana kusema hapana.

“Inatetemeka, tata. Kidogo.”

“Njo vile,” alisema. “Mbele ya ile siku ya simu yako ilikuwa inatetemeka ku asubui tu.”

Akampokea kuku, akampa mama mkwe. Kisha akanituma parokiani nikaombe vifaa vyake. Yule seremala alinitazama sana kabla ya kunipa. Nilivibeba kichwani, mchana, katikati ya mtaa, na baadhi yenu mliniona mkaniuliza kama ndege iliruka.

Sasa kila Jumamosi naenda kumshikia mbao, ili mkono wake upate pa kuegemea. Kazi yake ya kwanza ilikwisha juzi: mwiko wa bukari, mkubwa, wa mti mgumu. Ni wa Mama Julienne. Mpini wake umepinda kidogo karibu na mwisho. Mzee aliniuliza kama umenyooka, nikamwambia haujanyooka, akaitikia kwa kichwa akaendelea kuupiga msasa.

Naondoka Jumatatu kwa lori. Mama mkwe alitafuta kitambaa cha kuufungia, mzee akamzuia. Amesema niubebe mkononi, wazi, mpaka Kasaji, na kila mtu akiniuliza ni wa nani, nimwambie.